Mwalimu wa Taipu na Herufi za Kioo

Katika miaka yote niliyomfahamu sikumwona hata siku moja akiwa hana chaki mfukoni. Karatu ya miaka ya tisini ilikuwa mji wa vibao vilivyoandikwa kwa mkono: bucha, saluni, mafundi wa kuziba pancha, nyumba za kulala wageni zilizokuwa zikichomoza kila msimu kando ya barabara iendayo lango la Ngorongoro. Mwalimu akikuta kibao kimekosewa alisimama, akatoa chaki, akasahihisha, kisha akaendelea na safari yake. Hakuomba ruhusa. Siku moja mwenye bucha alitoka nje na kisu mkononi akamkuta anaongeza kialama kwenye neno NGOMBE.

"Mama, unanifanyia nini kwenye kibao changu?"

"Ng'ombe wako alikuwa hana king'ong'o," alimjibu bila kugeuka. "Sasa anacho."

Yule bwana alirudi nyuma hatua mbili, akakitazama kibao chake kama mtu anayemtazama mtoto aliyetoka kunyolewa. "Na hapo kwenye maini? Pako sawa?"

"Maini yako sawa."

Sisi wanafunzi wake tulimwita Mwalimu wa Taipu, na mji mzima ukamwita hivyo hivyo. Alikotoka hatukukujua. Mwiraqw, mwenyeji wa Karatu, hakuwa; hilo lilikuwa wazi kila alipojaribu kumsalimia mtu kwa Kiiraqw sokoni. Wachaga kama mimi tulidhani ni wa kwetu, mpaka tulipomsikia akicheka lafudhi yetu. Ukimuuliza ametoka wapi alisema ametoka dukani.

Darasa lake lilikuwa chumba cha nyuma ya kanisa, chenye madirisha mawili na mashine nane za taipu. Nilijiunga nilipomaliza kidato cha nne, nikiwa na ndoto ya kazi ya ofisini kwenye hoteli ya watalii. Kila mashine ilifungwa kipande cha kitenge mfano wa aproni. Ukiingiza mikono chini yake, vitufe vyote vinapotea machoni. Siku ya kwanza tulidhani anazuia vumbi, maana vumbi jekundu la Karatu linaingia hata kwenye yai. Kumbe alikuwa anatuzuia sisi.

"Macho juu!" alisema, akipita nyuma yetu polepole. "Kidole kina akili yake. Ukikitazama kinaona haya."

Aliyechungulia alianza ukurasa upya. Hakupiga, hakutukana, hakupaza sauti. Alichomoa tu karatasi kwenye mashine, akakupa nyingine nyeupe, na ule weupe ulikuwa unauma kuliko fimbo. Mimi barua moja ya kuomba kazi niliianza upya mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili vidole vyangu vilikwenda vyenyewe, nikasikia kengele ya mwisho wa mstari, nikalia. Aliniwekea mkono begani. "Umeona?" akasema. "Vilikuwa vinakusubiri uache kuviingilia."

Mashine zake alizitengeneza mwenyewe, kwa bisibisi ndogo na mafuta ya cherehani. Kabatini alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa herufi za chuma alizozing'oa kwenye mashine zilizokufa. Mara moja kila muhula alilimwaga mezani, tak-tak-tak, akatuambia tuzishike. Herufi A zote zilikuwa zimelika mpaka zimekuwa vipara. I, U na E zilifuata. Q ilikuwa na makali kama siku iliyotoka kiwandani.

"Hizi mashine walizipanga kwa lugha yao," alituambia. "Sisi humu ni wapangaji. Tunakaa kwa adabu, lakini tujue chumba si chetu."

Sikulielewa neno hilo wakati ule. Niliona ni maneno ya mwalimu anayependa kuongea.

Na alikuwa mtu wa mambo yasiyoelewana. Alitukataza kufuga kucha kwa sababu zinagonga vitufe viwili kwa mpigo, huku za miguu yake akizipaka rangi nyekundu kama pilipili. Alitulaumu kwa kupoteza karatasi, lakini barua zake mwenyewe aliandika kwenye karatasi nzito aliyoagiza Arusha, akaacha nusu ukurasa mtupu, "ili macho yapate pa kupumzika." Aliwapenda watu wote, Wamasai na Wabarabaig na wazungu wenye kamera, ila ng'ombe aliwaogopa kama simba. Kundi likivuka barabara alijificha nyuma ya mtu, awe nani, hata mtoto wa chekechea.

Nalitaja hilo la ng'ombe kwa sababu kazi kubwa aliyoifanya maishani mwake, kwa kadiri ninavyojua mimi, aliifanyia ng'ombe.

Kazi ya hotelini niliipata, nikaifanya miaka kadhaa. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikahamia kwenye mradi mmoja wa mifugo uliochanja ndama dhidi ya ndigana, ugonjwa wa kupe unaoua ndama wengi nyanda za juu. Chanjo ile ilikaa kwenye mtungi wa baridi kali, na ikishatoka ni lazima itumike upesi. Kwa hiyo gari lilipita kila upande mara moja tu kwa msimu. Boma likirukwa, limerukwa. Ndiyo maana kumbukumbu ya boma lipi limechanjwa ilikuwa na uzito kama chanjo yenyewe.

Mwanzo tuliandika kwenye madaftari, yakalowa ukungu, yakaliwa na mbuzi. Kisha akaja mtaalamu wa mitambo, kijana wa Ulaya mpole aliyejifunza Kiswahili Arusha, na sanduku la kompyuta za mkononi. Zilienea kiganjani. Hazikuwa na vitufe. Unagusa kioo chenyewe, na chini ya kioo zimechorwa herufi zote, tena kuna kijikalamu cha plastiki cha kugusia. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Siku moja mwandishi wa timu ya Nainokanoka, huko juu Ngorongoro, aliumwa, nikaenda badala yake. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, ile baridi ya ukingo wa kreta inayofanya vidole viwe kama vya mtu mwingine. Tulichanja boma la mzee aitwaye Neoli. Kijikalamu kilikuwa kimeshapotea, kwa hiyo nikagusa kwa kidole. Herufi zile zilikuwa ndogo kama punje za ulezi. M na N zilikaa ubavu kwa ubavu. Nikagusa herufi ya kwanza, mtambo ukaniletea jina kutoka kwenye orodha yake, nikalithibitisha, nikafuta umande kwenye kioo, tukaondoka.

Jina nililothibitisha lilikuwa Meoli.

Meoli alikuwa mtu mwingine, mwenye boma lingine, ng'ambo ya kilima. Gari lilipofika njiapanda yake siku mbili baadaye, mtambo ulisema ameshachanjiwa, nalo likapita. Mvua zilipoanza, ndama wake tisa wakafa.

Nilikwenda mwenyewe, pamoja na Koinet, yule mwandishi wetu wa huko aliyekuwa ameumwa, kijana wa Kimasai mwenye vidole gumba vipana kama vijiko. Tulimkuta mke wa Meoli peke yake, anakama ng'ombe ambaye hakuwa na ndama wa kusimama ubavuni mwake.

"Takwenya, yeyo," nilimsalimia kama mama, kwa Kimaa.

"Iko," akaitikia, bila kunitazama.

Nilimweleza kwa Kiswahili, Koinet akafasiri kwa Kimaa. Nilisema kosa ni langu. Nilisema herufi ni ndogo, nilisema baridi, nilisema kalamu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja, na Koinet alilitafsiri akiangalia chini: "Anauliza, jina la mume wake mmelipeleka wapi?"

Nilirudi Karatu, nikashuka kwenye gari, na kabla ya kufika nyumbani miguu ikanipeleka kwenye kile chumba cha nyuma ya kanisa.

Mwalimu alikuwa anafunga madirisha. Wanafunzi walikuwa wamepungua, maana mji ulikuwa umeshaanza kusikia habari za kompyuta; mashine tano kati ya nane zilikaa zimefunikwa siku zote. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni. Nilitegemea anipe karatasi nyeupe.

"Kilichokosea ni kidole," aliuliza, "au ni herufi?"

"Mimi ndiye niliyekosea, Mwalimu."

"Sikuuliza nani. Niletee hicho kioo."

Kesho yake alikishika kiganjani, akakigeuza, akakinusa. Akafumba macho na kutafuta herufi kwa vidole, kama tulivyofundishwa. Kioo kilikuwa laini, hakina mwinuko wala kingo za kushika. Alijaribu tena na tena, macho yakiwa yamefumba, na kila alipoyafumbua kulikuwa na neno lisilosomeka. Nilimwona uso ukibadilika. Mwanamke huyu alikuwa ametufunika mikono kwa vitenge kwa miaka mingi.

"Hiki huwezi kukipiga macho yakiwa juu," alisema mwishowe. "Hiki lazima ukitazame." Akakiweka mezani. "Basi waambie wanafunzi wangu wote kwamba Mwalimu amesema, hiki kitazameni."

"Kwa hiyo ulitufundisha vibaya?" nilimtania.

"Niliwafundisha vizuri kwa chombo kile. Chombo hiki kina haki yake."

Akaomba waandishi wote wa chanjo waje siku ya mnada, kwa kuwa siku hiyo wengi hufika mjini. Walikuja kumi na wawili. Aliwapanga mstari, akatoa kidau cha wino wa mihuri, akawachapisha dole gumba kila mmoja kwenye ile karatasi yake nzito ya Arusha. Tulicheka, mmoja alisema leo tunauzwa. Kisha akachora ule ubao wa herufi wa kompyuta kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi nyembamba, akaitandika juu ya alama za vidole. Dole gumba la Koinet lilifunika herufi saba.

Mtaalamu alipofika, Mwalimu alimwonyesha.

"Lakini kuna kalamu, Mwalimu," alisema kwa upole. "Hawatakiwi kugusa kwa kidole."

Mwalimu akawageukia waandishi. "Mwenye kalamu yake bado, anyooshe mkono."

Mikono mitatu.

"Na nyie wengine mnatumia nini?"

Koinet akachomoa kitu kwenye pindo la shuka, akakiweka mezani. Mwiba wa mgunga. "Unafanya kazi vizuri," alisema, "ila unakwaruza."

Mtaalamu aliweka mikono kichwani, kisha akacheka, na kuanzia hapo akawa mwanafunzi wa Mwalimu kama sisi. Alieleza kwamba kioo kikubwa kinakula betri, tena kinakuwa kizito. Mwalimu alitaka kioo cha ukubwa wa daftari. Walibishana kwa siku mbili, kwa chai ya tangawizi. Siku ya tatu Mwalimu akasema maneno hayashiki kitu, akachukua maboksi ya sabuni, akakata vipande vya ukubwa mbalimbali: kimoja kama pakiti ya majani ya chai, kingine kama bahasha, kingine kama nusu daftari, kingine daftari zima. Akavifunga mawe bapa kwa nyuma ili viwe na uzito wa kweli, akachora herufi juu, akasema twende navyo kazini.

Ndivyo nilivyopanda na Mwalimu hadi Nainokanoka. Alivaa makoti mawili na kilemba. Tulipofika kwenye zizi alikataa kushuka. Alikaa ndani ya gari, kioo cha dirisha kimeshushwa vidole vitatu tu, akawa anatoa amri kupitia upenyo huo.

"Koinet! Hicho kama daftari, kinaendaje?"

"Kizuri, Mwalimu! Naona kila kitu!"

"Sasa kamata ndama."

Koinet akakamata ndama kwa mkono mmoja. Ndama akaruka. Daftari la boksi likaanguka kwenye samadi.

"Umeona?" Mwalimu alisema, nadhani akijiambia mwenyewe, maana ndiye aliyelitaka la ukubwa ule. "Mwandishi wa chanjo ana mkono mmoja tu. Ule mwingine ni wa ndama. Kioo si cha macho peke yake." Na ng'ombe mmoja aliposogea kunusa gari, akapandisha dirisha, somo likasimama kwa robo saa.

Mwisho wa siku kipande kilichobaki kwenye mikono yote, bila kuanguka, kilikuwa kile cha bahasha. Dole gumba lilifika pembe zote bila kuhamisha kiganja. Mtaalamu alikipima kwa rula akaandika.

Hapo ukabaki ubao wa herufi. Na hapo ndipo nilipomwona Mwalimu akiangushwa.

Alikuwa ameupanga kwa wiki nzima. Nafasi haikutosha herufi zote kwa ukubwa wa dole gumba la Koinet, kwa hiyo lazima kitu kitoke. Akakumbuka lile kopo lake. Irabu tano akazikuza, akaziweka upande wa dole gumba, kwa sababu, alisema, Kiswahili hakimalizi neno bila kupita kwao. M na N akazitenganisha, moja juu, moja chini. Halafu akatoa Q na X kabisa. "Hizi hazilipi kodi," alisema. Ubao ulikuwa mzuri, mpana, unapumua. Aliubandika ukutani darasani, akawaita waandishi wote waje wauone. Siku hiyo walikuja pia wale wa upande wa Karatu, kwa kuwa mradi ulikuwa unashuka kwa wakulima wa huku. Kati yao alikuwamo mzee mmoja mrefu, mtaratibu, mtu wa kupima maneno.

Alisogea ukutani na miwani yake. Akapitisha kidole kwenye kila herufi, kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu akarudia.

"Mwalimu," akasema, "mimi naitwa Qamara."

Akavua miwani, akageuka.

"Baba yangu ni Qamara. Jirani yangu ni Qwaray. Mke wa kaka yangu anatoka Qaru. Hapa kwenye kioo chako sisi tutakuwa akina nani? Kamara?" Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Shuleni waliniandika Kamara miaka saba. Nilidhani hayo yamekwisha."

Nilimtazama Mwalimu. Mwanamke aliyezunguka mji mzima akimrudishia ng'ombe king'ong'o chake, sasa alikuwa amesimama mbele ya mtu mzima ambaye yeye mwenyewe amemnyang'anya herufi ya kwanza ya jina lake. Nilidhani atajitetea. Alikuwa na sababu zote. Nafasi, vidole, kopo la chuma. Badala yake alikwenda ukutani, akaubandua ubao wake taratibu, pembe moja baada ya nyingine, akaukunja.

"Nisamehe, mzee wangu," alisema. "Nilihesabu kwa lugha yangu nikadhani nimehesabu zote. Nimekuwa mwenye nyumba mbaya."

"Nimesamehe," alisema Mzee Qamara. Akavuta kiti, akakaa. "Sasa tuandike majina yetu, uone yanavyokaa. Nyumbani kwetu X nayo ina kazi, usiifukuze."

Walikaa mezani mchana wote, yeye na Mzee Qamara na Koinet. Kila mtu alitaja majina ya kwao, ya watu na vilima na makorongo, Mwalimu akiweka alama kwa kila herufi. Mara kwa mara alijaribu kutamka jina la Kiiraqw, Mzee Qamara akamrekebisha, akajaribu tena, wote wakacheka. Jua liliposhuka ubao mpya ulikuwa umepatikana. Irabu zilipungua ukubwa kidogo, Q na X zikapata nyumba, na tarakimu zikahamia kwenye ukurasa wa pili. Haukuwa mzuri kama ule wa kwanza. Kila mtu alikuwamo.

Mtaalamu aliondoka nao. Ilichukua miezi, na kwa kweli nilishaanza kukata tamaa, lakini alirudi na mitambo mipya, ukubwa wa bahasha, na kwenye kioo zilikuwapo herufi za Mwalimu kama alivyozipanga. Kwenye ukingo mmoja alikuwa ametoboa tundu la uzi wa kufunga kwenye mkanda wa shuka. Hilo lilikuwa wazo la Koinet.

Msimu uliofuata nilipanda tena hadi kwa Meoli. Kabla ya chanjo kuanza, mke wake alinijia, akaonyesha mtambo kwa kidevu.

"Anauliza kama jina limo," alisema Koinet.

Nililiandika mbele yake, herufi kwa herufi, polepole, M ikiwa mbali na N kama Endulen ilivyo mbali na Olbalbal. Likatokea, kubwa, jeusi. Mama yule hakujua kusoma. Aliinama, akanyoosha kidole, akaligusa. Kioo kikafunguka, ikatokea orodha ya ndama wake. Alirudi nyuma kwa mshtuko. Halafu akasema neno moja la Kimaa, uso wake ukalainika kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Amesema nini?"

"Amesema limeitika," alisema Koinet.

Nilipomsimulia Mwalimu alikuwa anapaka mafuta mashine ya taipu. Aliendelea kupaka mafuta sehemu ile ile, ambayo nadhani ilikuwa imeshapata mafuta ya kutosha kwa mwaka mzima.

Miaka ikaenda. Chumba cha nyuma ya kanisa kilifungwa, mashine zikagawiwa shule. Sikumwona mara nyingi. Nilikuwa na watoto, yeye alikuwa na shamba dogo la maharage upande wa kwenda Rhotia. Watu walisema anazeeka vizuri. Wengine walisema amechoka.

Mwishoni mwa muongo ule mtaalamu aliniandikia barua pepe. Mradi wetu ulikuwa unafungwa, na mwingine ungeanza. Vioo vipya vilikuwa vimetoka, vikubwa, vyepesi, betri inadumu, na vinakuja na ubao wake wa herufi kutoka kiwandani. Ule wa Mwalimu haungetumika tena. Aliomba nimwambie mimi, kwa sababu yeye alishindwa kuandika.

Nilikaa na barua ile wiki mbili. Kisha nikapanda pikipiki nikaenda shambani kwake, maneno yangu nimeyapanga kichwani kama maua kwenye jeneza. Jirani aliyekuwa anapalilia akaniambia hayupo, kila Jumanne na Alhamisi yuko mjini.

"Anaumwa? Anakwenda hospitali?"

"Anakwenda shule," alisema jirani.

Lilikuwa darasa la kompyuta, kwenye fremu mpya jirani na kituo cha mafuta. Mlango ulikuwa wazi. Wanafunzi walikuwa vijana wa kidato cha nne waliokuwa wanasubiri matokeo, na mbele kabisa, kwenye benchi la kwanza, mgongo umenyooka, alikaa Mwalimu wa Taipu. Mwalimu wa darasa alikuwa binti asiyefika miaka ishirini na tano.

"Bibi, usibonyeze kabla sijasema," alisema binti.

"Samahani, mwalimu," akajibu.

Nilisimama pale mlangoni mpaka walipotoka kupumzika. Aliniona, akanishika mkono, akaniketisha kwenye kizingiti. Nikamwambia yote, upesi, bila yale maneno niliyoyapanga. Aliitikia kwa kichwa kila baada ya sentensi, kama anayesikiliza imla.

"Kwa hiyo vimekuwa vikubwa," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu. Kama daftari."

"Na vyepesi. Basi wamefanikiwa pale tuliposhindwa. Msifu huyo kijana kwa niaba yangu." Akatabasamu. "Ulikuja kunizika?"

Niliona aibu. Alinigonga goti kwa kidole.

"Nakaa hapa kwa sababu nimechoka kukata maboksi ya sabuni. Huyu binti anatufundisha kuchora kwa kompyuta. Nitamwandikia mtaalamu wako mwenyewe, pamoja na mchoro. Huo mradi mpya, nani watakaoshika hivyo vioo?"

"Wakunga, Mwalimu. Wa zahanati za huko juu. Wataandikia watoto wanaozaliwa."

"Wakunga." Aliligeuza neno hilo mdomoni. Akaitazama mikono yake miwili, akaifungua, akaifumba. "Mkunga mikono yake imelowa. Kioo cha namna hiyo, kikiguswa na mkono wenye maji, kinafanyaje?"

"Sijui, Mwalimu."

"Hata mimi sijui," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona ana furaha kama mtoto aliyeokota kitu njiani. Ndani, binti aligonga meza kuwaita. Mwalimu akasimama, akapangusa sketi yake, akaingia darasani kabla ya wote, mkono umeshanyooshwa juu kwa swali.